Pumzi inakatika kwenye ngazi, wiki ya tatu baada ya korona: tumsaidieje nyumbani?

Binti_Umoja

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mwongozo kwa wanaojua mambo ya kifua.

Mgonjwa ni mamangu, miaka 58. Alipimwa akapatikana na korona, hakulazwa, na hii ni wiki ya tatu tangu dalili zianze. Homa iliisha wiki ya kwanza. Kilichobaki ni kikohozi kikavu cha hapa na pale, na pumzi. Akiwa ametulia kitini anapiga gumzo bila shida. Kazi ni akioga, akiinama kwenye beseni la nguo, au akipanda ngazi. Tuko gorofa ya nne na lifti hakuna. Hapo anatweta mpaka anajishikilia ukutani, hofu inamwingia, na hofu ndiyo inazidisha kutweta.

Oksimita tuliyonunua kwa kemisti, kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni ya damu, inasoma 95 au 96 akiwa amekaa. Mara moja moja inashuka ghafla hadi 88, kisha inapanda yenyewe. Ana presha na dawa anameza kila siku. Hana pumu, hajawahi kuvuta sigara, ila amepikia makaa karibu maisha yake yote. Kliniki walimsikiliza kifua wiki iliyopita wakasema hakuna nimonia, apumzike.

Sasa: pumzi ikikatika afanye nini pale pale? Ile 88 tuiamini? Shangazi anasisitiza ajifukize mwarobaini asubuhi na jioni, na jirani ametuachia inhela yake ya bluu, je, tumpe? Na ni dalili gani zikitokea tusingoje kukuche?

FizioWaEastlands

Pole kwa mamako. Nitajibu la kwanza, mengine wamo humu wanaoyajua kuniliko.

Ajue kwanza kinachoendelea ndani, maana hofu hupungua mtu akielewa. Baada ya ugonjwa wa virusi, mapafu huchukua wiki kadhaa kutulia hata kama homa imekwisha. Kulala kitandani kumelegeza misuli ya miguu, na msuli uliolegea hudai hewa zaidi kwa kazi ile ile. Juu ya hayo, mgonjwa huzoea kupumua kwa kifua cha juu na mabega, pumzi fupi fupi za haraka. Anavuta nyingine kabla ile ya kwanza haijatoka yote, kifua kinajaa, naye anahisi hewa haiingii ilhali tatizo ni kwamba haijatoka. Kwa hiyo kazi ni kutoa hewa. Nyinyi mnaomzunguka na kumwambia "vuta pumzi ndefu, vuta!" mnamwongezea mzigo, nia njema au la.

Pumzi ikikatika, aanze na mkao. Akae kitini, miguu yote miwili chini, ainame mbele kidogo kutoka kiunoni, viwiko vikae juu ya mapaja na viganja vining'inie. Kama kuna meza, aweke mito miwili juu yake alalie kifua na kichwa. Kama yuko ngazini hakuna kiti, aegemeze mgongo ukutani, visigino vitoke ukutani kama futi moja, mabega yashuke. Au aweke mikono juu ya reli na kuinamia mbele. Mikono ikipata mahali pa kupumzika, misuli ya mabega na shingo inaacha kujibebesha mikono na inasaidia mbavu. Kiwambo, yaani ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, nacho kinafanya kazi vizuri zaidi mwili ukiwa umeinama hivyo.

Baada ya mkao ndiyo pumzi. Avute kwa pua taratibu akihesabu mbili, pumzi ya kawaida tu, si ya kujaza kifua. Abane midomo kama anayepuliza uji moto, atoe akihesabu nne. Asilazimishe wala asisukume kwa tumbo. Hewa itoke yenyewe kwenye tundu dogo la midomo. Mwanzoni nne itamshinda, basi aanze na moja kuvuta, mbili kutoa, na aongeze kadiri anavyotulia. Ndani ya dakika mbili tatu kutweta kunapaswa kuanza kupungua. Nyinyi keti mbele yake mpumue naye kwa mwendo huo huo bila maneno. Kuongea naye ni kumdai majibu, na kujibu kunakula pumzi.

Kosa ninaloliona sana: mtu anajifunza haya siku ameshikwa. Hayashiki. Afanye mazoezi akiwa mzima, dakika tano asubuhi na tano jioni, kiganja kimoja kifuani na kingine juu ya kitovu. Kile cha tumboni ndicho kinachopaswa kuinuka na kushuka, cha kifuani kitulie. Ganzi midomoni, vidole kuwasha, au kizunguzungu katikati ya zoezi maana yake anapumua kwa nguvu na haraka mno, anafukuza kaboni dioksidi kuliko inavyotakiwa. Apunguze ukubwa wa pumzi, asisimamishe zoezi kwa hofu.

Ngazi sasa. Sheria ni moja: hewa itoke wakati wa jasho. Asimame, avute kwa pua. Apande ngazi mbili akitoa hewa kwa midomo iliyobanwa. Asimame, avute. Apande mbili. Itaonekana kama mzaha kwa majirani wanaopita mbio, lakini atafika juu akiwa anaweza kusema jina lake. Apumzike kila ngazi zinapogeuka, hata kama hajachoka, kwa sababu akingoja achoke ndipo apumzike atahitaji muda mrefu zaidi kurudi sawa. Kiti cha plastiki kiwekwe gorofa ya pili, muongee na mlinzi kisije kikatoweka. Na asibebe kitu. Mtungi wa lita 20 wa maji ni kilo 20. Hiyo si kazi yake kwa sasa hata akisema yuko sawa.

Sheria hiyo hiyo inafanya kazi kwenye kuinuka kitini, kuinua sufuria, kuvuta mlango mzito. Vuta kabla, toa wakati wa kuinua. Watu wengi hubana pumzi wakiinua kitu au wakiinama kufunga viatu, na hapo ndipo kutweta kunapoanzia.

Kuhusu kuoga: kigoda bafuni, maji vuguvugu na si ya moto sana, mlango uachwe wazi kidogo mvuke utoke. Beseni liwe juu ya kigoda kingine kimo cha magoti ili asiiname. Badala ya kujikausha kwa kusugua, avae kanga au taulo kubwa akae nayo, ikaushe yenyewe. Kuosha nywele kuwe siku tofauti na siku ya kuoga mwili mzima, kwa sababu kuinua mikono juu ya kichwa kunachosha kifua kuliko watu wanavyodhani.

Nesi_Zamu

Nichukue la oksimita na la kukimbilia hospitali.

88 inayokuja na kuondoka kwa sekunde chache mara nyingi ni kifaa, si damu. Kidole baridi, mkono unaotikisika, kidole kisichoingia hadi mwisho, jua la dirishani linaloanguka juu ya kifaa, betri inayokwisha: yote hayo hutoa namba za ovyo. Mpime hivi. Akae atulie dakika tano, bila kuongea. Ondoa rangi ya kucha. Na kama ana piko kidoleni tumia kidole kisicho nayo. Sugua mikono ipate joto, hasa miezi hii ya baridi ya Juni hadi Agosti. Tumia kidole cha shahada au cha kati, mkono ukae juu ya meza karibu na kimo cha moyo. Subiri dakika nzima. Usiandike namba ya kwanza inayotokea; andika ile iliyokaa bila kubadilika angalau sekunde tano. Tazama pia mapigo ya moyo kwenye kioo hicho hicho na ulinganishe na mapigo unayoyahesabu wewe mwenyewe mkononi mwake. Yakitofautiana sana, kifaa hakijashika vizuri na namba ya oksijeni usiiamini pia.

Kama baada ya hayo yote, kwenye vidole viwili tofauti vyenye joto, 88 inakaa palepale, basi ni ya kweli na mnatoka nyumbani sasa hivi.

Kwa mtu aliyetulia: 95 kwenda juu ni salama, endeleeni kupima asubuhi, mchana na jioni. 93 au 94 inayojirudia, ongeeni na daktari siku hiyo hiyo. 92 kushuka chini, hospitali. Kuna watakaokuambia Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, kwa hiyo namba za chini ni kawaida. Ni kweli kwamba mtu mzima mwenye afya hapa anaweza kusoma pointi moja au mbili chini ya aliyeko Mombasa, na 95 ya mamako haishangazi. Lakini usitumie mwinuko kuhalalisha 91. Kinachoangaliwa zaidi ni mwendo wake: aliyekuwa 96 wiki nzima akaanza kusoma 93 ana jambo, hata kama 93 peke yake haitishi.

Mambo mawili ya kifaa hiki hayaandikwi kwenye boksi. La kwanza, kwenye ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli. Kwa hiyo kikisema 95 huku mgonjwa akionekana vibaya, mwamini mgonjwa. La pili linawahusu nyinyi moja kwa moja: oksimita haitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi, ile gesi isiyo na harufu ya makaa. Mtu aliyefungiwa chumbani na jiko linalowaka anaweza kusoma 98 huku anakufa. Jiko la makaa lisiingie ndani, hata kwa kuota moto usiku, hata "kwa dakika tano tu". Kama mnapikia makaa, yawe kwenye balkoni au nje, na mama asiwe mpishi. Moshi wenyewe, tukiacha hiyo gesi, unachokoza mapafu yanayojaribu kupona.

Hesabu pia pumzi zake. Dakika nzima kwa saa, akiwa ametulia, bila kumwambia unahesabu, kwa sababu akijua atabadilisha. Mtu mzima ni 12 hadi 20. Ikizidi 24 akiwa ametulia, apelekwe aonekane siku hiyo hiyo. 30 ni dharura.

Sasa usiku. Msingoje kukuche kama: anatweta akiwa amekaa tu, hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, kifua kinauma au kinabana, hasa maumivu yakienda mkononi au tayani, anakohoa damu, amezimia, amechanganyikiwa au ni vigumu kumwamsha, ulimi na ndani ya midomo vimekuwa vya kijivu au samawati. Kwa ngozi yetu rangi hiyo haionekani vizuri usoni, fungua mdomo uangalie ndani kwa tochi ya simu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu pamoja na pumzi kukatika ghafla, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda iliyosafiri hadi mapafuni. Korona huongeza hatari hiyo, na haisubiri. Kwake mwenye presha, muangalie pia kama miguu yote miwili inavimba na kama hawezi kulala chali bila kuamka akihema. Hayo huelekeza kwenye moyo.

Namba za dharura ni 999 na 112, lakini msitegemee ambulansi peke yake. Kabla ya usiku kuingia muwe na dereva mnayemjua, namba imehifadhiwa, na mjue hospitali gani mnaelekea. Kwa upande wenu Mama Lucy iko karibu. Na mjue mtamshushaje. Mgonjwa anayetweta akiwa amekaa hatembei gorofa nne kwenda chini. Kiti cha mbao kigumu, si cha plastiki, leso imfunge kiunoni kwenye kiti, watu wawili wenye nguvu, mmoja nyuma ameshika mgongo wa kiti na mwingine mbele ameshika miguu ya kiti, mgonjwa akitazama mbele kule mnakoshukia. Mjaribu mara moja mchana na mtu mzima asiye mgonjwa. Mtashangaa kona za ngazi zilivyo finyu.

Kemisti_Buru

Inhela ya jirani: hapana. Ile ya bluu ni salbutamoli, na inafungua njia za hewa zilizojibana, kama kwenye pumu. Mamako hana pumu na hujasema analia filimbi kifuani. Isipokuwa na kitu cha kufungua itamwachia moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, na mtu mwenye hofu akiusikia moyo unakwenda mbio atadhani anakufa. Kama kuna mlio wa filimbi anapotoa hewa, hilo ni la kumwambia daktari, si la kutibu kwa kuazima.

Kujifukiza: mvuke hulainisha pua iliyoziba, basi. Haufiki kwenye vifuko vya hewa mapafuni na hauui virusi, uwe na mwarobaini, mkaratusi au tangawizi. Kinachotokea zaidi ni watu kuungua, sufuria ya maji yanayochemka ikimwagika mapajani chini ya blanketi. Na mtu anayetweta ukimfunika blanketi umemwongezea joto na hofu. Kama shangazi ni wa kuheshimiwa na hamtaki ugomvi, mpe mama bakuli la maji ya moto mezani, bila kufunikwa, akae mbali nalo kidogo, dakika chache. Au kikombe cha chai ya tangawizi anywe. Amani itapatikana.

Sasa ambalo halijaulizwa. Anameza dawa gani ya presha? Kama ni enalapril, lisinopril au captopril, zinajulikana kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, wakati mwingine miezi baada ya kuanzishwa. Asiache mwenyewe, kwa sababu presha ikipanda ni balaa jingine. Aende na paketi yake akaulize kama inaweza kubadilishwa.

Na angalieni mnachonunua dirishani. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini hupandisha presha. Ibuprofeni na diklofenaki pia, na huzuia maji mwilini. Kwa maumivu atumie paracetamoli, gramu moja kila saa sita kwa wingi, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa saa 24. Kama ana shida ya ini, aulize kwanza. Dawa ya kikohozi yenye kodeini hupunguza kasi ya kupumua, si ya mtu mwenye shida ya pumzi. Antibiotiki haigusi virusi. Na deksamethasoni, ambayo watu wameizoea kama pipi: mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha inaokoa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye oksijeni, na haikuwasaidia wasiohitaji oksijeni. Kwa mama aliyeko nyumbani na 95 itampandishia sukari na presha bure.

Kocha_Karura

Yote mazuri, lakini msimfanye yai. Misuli haipati nguvu kwa kukaa. Aanze kutembea kila siku, leo dakika kumi, kesho kumi na mbili, kesho kutwa kumi na nne. Kifua kinafunguka kwa kazi. Wanariadha wetu wakirudi kutoka kwenye mafua hupandishwa hivyo hivyo, siku kwa siku.

FizioWaEastlands

Kocha, nakubali kwamba lazima atembee, sikubali ratiba. Kwa mwanariadha aliyekuwa na mafua ya siku nne sawa. Baada ya korona kuna kundi la watu ambao wakipita kipimo chao hawaumii siku hiyo. Wanaanguka kesho yake au kesho kutwa, saa 12 hadi 48 baadaye au hata zaidi: uchovu wa kutisha, mwili kuuma, akili kuwa nzito. Ukiwaongezea dakika kila siku unawaongezea juu ya deni ambalo halijaonekana, na wanarudi nyuma wiki nzima. Kwa hiyo kila kiwango kikae siku tatu nne kwanza. Kama siku mbili zinazofuata hajawa mbaya kuliko alivyokuwa, ndipo anaongeza. Akianguka anarudi nusu ya alichokuwa anafanya, haendelei kwa ubishi.

Dada, aanze na dakika tano kwenye korido ya gorofa yenu, sakafu tambarare, mara mbili kwa siku. Kipimo cha nguvu ni mdomo: awe anaweza kuongea sentensi nzima akitembea, asiweze kuimba. Ukimwambia ajipe alama toka 0 hadi 10, ambapo 0 ni pumzi tulivu na 10 ni kutweta kupita kiasi, abaki kati ya 2 na 3. Miguu ifanyiwe kazi kwa kuinuka na kuketi kitini, mara tano taratibu, akitoa hewa anapoinuka, apumzike, arudie. Tambarare ikiwa rahisi kabisa ndipo aende kwenye ngazi kama zoezi. Kabla ya hapo ngazi ni za safari za lazima tu.

Kocha_Karura

Hilo la kesho kutwa ni la maana. Siku tatu nne basi. Nyongeza yangu: asitembee baada tu ya kula, na asitoke barabarani saa za asubuhi matatu zikifuka moshi. Akifika hatua ya kutoka nje, saa nne hivi, njia ya ndani ya mtaa.

Binti_Umoja

Asanteni sana jamani. Nimeangalia paketi, ni enalapril kweli. Usiku nimempima upya kama Nesi alivyosema, vidole vikiwa na joto: 96, imekaa. Pumzi 18 kwa dakika. Nina mawili yamebaki. Akilala chali hapati usingizi, lakini akiwekewa mito analala vizuri, miguu haijavimba. Na hamu ya chakula imerudi ila akishiba tu pumzi inamsumbua. Nikirudi naye kliniki niombe nini?

Nesi_Zamu

Enalapril itajwe ya kwanza kliniki. Usingizi: alale ubavu, mito mitatu ipangwe kama mteremko kuanzia kiunoni hadi kichwani. Mto mmoja tu chini ya kichwa unamkunja shingo na haumsaidii kifua. Mkono wa juu ukumbatie mto mwingine. Kulala kifudifudi pia kunawasaidia baadhi ya watu, nusu saa hadi saa mbili mchana, lakini si baada ya kula, na akijisikia vibaya ageuke. Hata hivyo, hilo la kushindwa kulala chali nataka daktari alisikie kutokana na presha yake, hata kama miguu haijavimba. Na siku akianza kuhitaji mito zaidi ya jana, usisubiri tarehe ya kliniki.

Chakula: tumbo likijaa linasukuma kiwambo juu na mapafu yanakosa nafasi. Sahani kubwa ya ugali mara mbili kwa siku mgeuze iwe milo midogo mitano au sita. Uji mzito wenye maziwa au njugu zilizosagwa, mayai, ndengu laini, ndizi. Atafune, ameze, apumue, ndipo tonge jingine. Akila huku anaongea atapaliwa. Abaki amekaa wima nusu saa baada ya kula. Soda na vinywaji vya gesi viache kwa sasa.

Upepo usoni nao husaidia kutweta, jambo ambalo watu hulipuuza kwa kuwa ni rahisi mno. Feni ndogo ya betri, kama sentimita 15 kutoka usoni, ipulize pua na mashavu. Mishipa ya fahamu ya uso inaupa ubongo habari kwamba hewa ipo. Kwa wiki ya tatu hatari ya kuwaambukiza wengine imepungua sana, ila katika siku za mwanzo feni hutawanya virusi chumbani, kwa hiyo anayesoma haya akiwa na mgonjwa mpya atumie kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Kipepeo cha ukindu pia kinafaa, mradi apepewe na mtu mwingine.

Kliniki: nenda na daftari lenye namba za oksijeni, pumzi, mapigo na presha, pamoja na saa, na alichokuwa anafanya. Mwombe daktari apime oksijeni kabla na baada ya kuinuka na kuketi kitini kwa dakika moja. Ikishuka pointi tatu au zaidi kuna la kuchunguza. Msilifanye hilo nyumbani peke yenu. Ulizia picha ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo, na wingi wa damu, kwa sababu upungufu wa damu huleta kutweta kule kule kwa ngazi na watu wanalaumu korona. Kipimo cha sukari kiongezwe kama kuna mtu alimpa steroidi, kama ile deksamethasoni.

Na TB. Kikohozi kimefika wiki ya tatu, na katika nchi yetu mtu hakohoi wiki mbili bila kuulizwa habari ya kifua kikuu, korona au bila korona. Muulize kama anatoka jasho usiku, kama nguo zimelegea, kama homa inarudi jioni. Kipimo cha kohozi cha GeneXpert na matibabu yenyewe ni bure katika hospitali za serikali. Kikohozi chake ni kikavu, kwa hiyo kutoa kohozi kutampa kazi: anywe maji ya kutosha usiku, asubuhi kabla ya kula asukutue kwa maji matupu, avute pumzi za kina mbili tatu akiwa amekaa, kisha akohoe kutoka ndani ya kifua. Asitoe mate. Afanyie dirishani au nje, mbali na watoto, kisha kopo lifungwe vizuri na lipelekwe siku hiyo hiyo.